Pima tairi kabla hujalaumu mota

Msimu wangu wa kwanza wa mbio za magari ya rimoti kwenye zulia, hapa Uingereza, nililaumu mota. Kila Alhamisi tunatandika zulia kwenye ukumbi wa michezo, na kila Alhamisi gari langu la 1/12 (dogo mara kumi na mbili kuliko gari halisi) lilizidi kuwa zito kwenye mstari ulionyooka. Nikanunua mota nyingine. Wapi! Mzee wa meza ya jirani akanipa kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo, hakusema neno. Tairi za nyuma, zilizoanza na kipenyo cha milimita 42, zilikuwa zimebaki 40.

Tairi hizi ni za sponji, na sponji huliwa na zulia polepole, ndiyo maana hushtuki. Tairi ya 42 ikizunguka mara moja gari linasogea kama milimita 132. Ya 40, kama 126. Karibu asilimia 5 imekwenda, na mota haina kosa. Siku hizi tairi zikipungua naongeza jino moja kwenye pinioni, ile gia ndogo ya mota. Tena nakagua tumbo la gari, maana kipenyo kikishuka milimita 2 chesisi inakaribia zulia kwa 1, na ikianza kukwaruza huna gari.

Kwenye kununua, usihangaike na rangi zote. Rangi inaonyesha ugumu wa sponji, lakini pinki ya kampuni hii si pinki ya kampuni ile. Uliza wanaoshinda kwenye zulia lenu wanafunga nini, nunua hiyohiyo. Kwa anayeanza, mbele pawe pagumu kuliko nyuma; nyuma ikiteleza utazunguka kama pia. Na kama huna mashine ya kukereza, yaani ya kuchonga tairi hadi kipenyo unachotaka, chukua zilizokwisha kukerezwa. Tairi nene inapendeza dukani, ila kwenye kona inalegea na gari linapinduka. Ukikereza mwenyewe vaa barakoa, lile vumbi si la kuvuta.

Tairi za mbele nazipaka supagluu ubavu wa nje, hadi pembe ya juu kidogo. Niliwahi kupuuza hilo: kona ya kwanza, gari chali, ukumbi mzima unacheka. Gundi inazuia ule ukingo usiume zulia kupita kiasi, na pia usimegeke ukigonga ubao wa pembeni mwa uwanja.

Dawa ya tairi, ile ya kuongeza mshiko, napaka nyuma upana wote, mbele nusu ya ndani tu, naiacha dakika 20 hivi, kisha nafuta kabisa kabla ya kuingia uwanjani. Gari likikataa kona, naongeza upana wa dawa mbele kabla sijashika bisibisi.

Nyumbani nazihifadhi kwenye mfuko wa plastiki, mbali na jua, kushoto na kulia pamoja. Kipenyo nakiandika kwa kalamu ndani ya rimu. Zikifika 38 nazitoa. Sponji iliyobaki hapo ni nyembamba mno, ubao mmoja tu unaimega.