Mwanangu, umeniuliza kuhusu wenzangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wajukuu wangu. Mimi ni mzima. Ujumbe wako nimeusoma nikaurudia, na sikutaka kuujibu kwa simu, maana kwenye simu ningekukubalia tu ili usilale na wasiwasi. Umeniuliza: “Mama, tangu Baba afariki kila wiki uko na wale wajane wenzako. Kukaa na watu wenye misiba yao si ndiko kunakokuzidishia huzuni? Mbona usije ukae kwetu, upumzike?”

Najua umeuliza kwa upendo, nami nakujibu kwa upendo huo huo.

Kwa umri wetu sisi, mwanangu, msiba hauishii moyoni. Unashuka mwilini. Kijana akifiwa hulia, hukonda, halafu mwili wake humvusha. Mwili wa mwanamke wa makamo yangu una mashaka yake tayari: presha, sukari, magoti, mifupa iliyoanza kupungua nguvu tangu hedhi ikome. Imethibitika kwamba katika miezi ya mwanzo baada ya mtu kufiwa na mwenzi wake, hatari ya yeye mwenyewe kufariki hupanda. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa ndani ya saa 24 za kwanza baada ya kumpoteza mtu wa karibu, uwezekano wa kupata shambulio la moyo hufika takriban mara 21 ya kawaida, kisha hushuka siku hadi siku. Upo hata ugonjwa wa moyo unaoletwa na mshtuko kama huo. Madaktari wa Japani waliueleza mwaka 1990: misuli ya moyo hulegea ghafla, dalili zinafanana kabisa na za shambulio la moyo, na wengi mno wa wanaopatwa nao ni wanawake waliokwisha koma hedhi. Wengi wao hupona baada ya wiki chache, ila lazima wafike hospitali kwanza. Kwa hiyo katika kikundi chetu mtu akisema kifua kinambana, hakuna wa kumwambia “ni majonzi hayo, yatapita.” Anapelekwa hospitali saa ile ile.

Yupo mwenzetu mmoja, jina lake naliacha. Kwa miaka mingi mumewe ndiye aliyekuwa akimwekea dawa yake ya presha kila asubuhi: kidonge pembeni ya glasi ya maji, mezani, kabla hajaamka. Mume alipoondoka, na kidonge kikaondoka. Hakukusudia kuacha dawa. Aliamka tu akakuta meza haina kitu, na siku ikaendelea hivyo hivyo. Wanawe walikuwa wakimpigia kila jioni. “Umelala vizuri, Mama? Umekula?” Naye anajibu ndiyo. Aliyeligundua ni mjane mwenziwe, aliyemuuliza jambo ambalo mtoto asingelifikiria: “Dawa zako nani alikuwa anakukumbusha?” Akanyamaza, kisha akaangua kilio. Kesho yake wakaongozana kupima, presha ikakutwa juu sana.

Wale watoto hawakuwa na kosa. Walikuwa wanauliza wanachokijua. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mambo haya anayajua aliyeyapitia. Wewe ukiniuliza kama nimekula, nitakwambia nimekula. Mwenzangu haniulizi. Akifika anatazama nguo ilivyonilegea kiunoni, anatazama vifundo vya miguu kama vimevimba, anafungua friji bila kuomba ruhusa. Anajua kwamba aliyezoea kupika kwa ajili ya mtu hushindwa kuwasha jiko kwa ajili yake peke yake, kwa hiyo zipo siku tunazokula pamoja, na siku hizo hakuna anayesingizia kwamba ameshiba. Maji nayo tunakumbushana, kwa kuwa kadiri mtu anavyozeeka kiu hupungua. Anaweza kukaukiwa mwilini bila kuhisi kiu, akaanza kizunguzungu na kupotewa na maneno, watu wakadhani uzee umeingia.

Sasa kuhusu kulia. Ndiyo, tunalia. Lakini hatuketi kulia toka mwanzo hadi mwisho. Uliwahi kuniuliza, miezi ile ya mwanzo, niko kwenye hatua gani ya huzuni. Zile hatua 5 zinazosemwa sana, daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross aliziandika mwaka 1969 kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa. Hazikuwa ngazi za mfiwa kupanda moja moja hadi afike juu na kumaliza. Kilichonisaidia mimi kujielewa ni maelezo ya Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti waliofanya kazi Uholanzi, ambao mwaka 1999 waliandika kwamba mfiwa huenda na kurudi. Mara yuko ndani ya majonzi, mara ametoka anashughulikia maisha mapya, mara karudi tena, na huko kwenda na kurudi ndiko kunakomponya. Hivyo ndivyo tunavyoishi tukiwa pamoja. Mmoja atamtaja marehemu wake, tutamsikiliza mpaka amalize, halafu mwingine atauliza nani anajua kujaza fomu ya mirathi, na tunahamia huko.

Wala sioni kama inatuzidishia huzuni. Huko Toronto, utafiti uliochapishwa mwaka 1980 uliwafuata wajane 162. Baadhi yao walipewa mjane mwenzao wa kuwa karibu nao, na hao ndio waliorejea kwenye maisha mapema kuliko wengine. Safari ya huzuni ilikuwa ile ile kwa wote, ila aliyekuwa na mwenzake alifika upesi.

Yapo maneno tumekubaliana yasitamkwe. “Jikaze” ni mojawapo. “Afadhali wewe” ni lingine, na hilo naliona baya kuliko yote. Maana si wote kati yetu waliofiwa na waume. Yupo aliyemzika mwanawe mtu mzima, yupo ambaye hakuwahi kuolewa na aliyeondokewa ni dada yake waliyeishi naye nyumba moja maisha yote. Huyo wa mwisho ndiye watu waliyemsahau haraka zaidi, na mimi hadi leo naumia nikilifikiria hilo. Hakuna kupima msiba wa nani mzito.

Unajua ninachokipenda kuliko vyote? Kutembea. Tunatembea asubuhi jua halijawa kali, wawili wawili, mwendo wa kutokwa jasho kidogo lakini unaweza kuzungumza. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mwendo wa aina hiyo kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kujimudu wasianguke, siku 3 au zaidi. Peke yangu nisingetoka hata kitandani asubuhi zile. Natoka kwa sababu kuna mtu amesimama nje ananingoja. Na mambo mazito husemeka vizuri mkiwa njiani, kwa kuwa nyote mnatazama mbele na hakuna anayekukodolea macho. Tukirudi tunafanya ya kitini: kukaa na kuinuka bila kujishika popote, polepole, kisha kusimama kwa mguu mmoja vidole viwili vikiwa juu ya mgongo wa kiti. Mwanzoni mguu unatetemeka mpaka kwenye paja. Usilione dogo hilo, mwanangu. Kuvunjika nyonga katika umri huu kunaweza kumlaza mwanamke asiinuke tena, na mfiwa asiyelala vizuri huanguka kirahisi.

Kwa sababu hiyo hiyo, vidonge vya usingizi havipeanwi kati yetu. Vinamwacha mtu mzima na kizunguzungu usiku anapokwenda msalani, na vinaweza kugongana na dawa nyingine. Asiyepata usingizi anasindikizwa kwa daktari.

Wala hatujifanyi waganga. Huzuni ikipita miezi 6 na bado imemfunga mtu kiasi kwamba hawezi kuendesha maisha yake, hilo linatambulika sasa kama ugonjwa wenye matibabu. Limo kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022. Tunamshauri mwenzetu amwone mtaalamu, na mmoja wetu anakaa naye kwenye foleni. Na akisema anatamani amfuate marehemu, hatulipuuzi neno hilo wala hatumwachi peke yake siku hiyo.

Sasa, kuja kwenu. Nitakuja watoto wakifunga shule, na nitakaa nao mpaka mnichoke. Kuhamia ndiko ninakokukatalia. Kwenu nitapendwa, najua, lakini mchana kutwa mtakuwa kazini na shuleni, nami nitakuwa mtu wa kutunzwa tu. Hapa kuna mtu ambaye nisipotokea asubuhi, naye hatembei. Jioni, lile giza linapoanza kuingia na nyumba ikawa kimya, kuna ninayempigia simu kwa sababu saa hiyo ndiyo inayomwelemea. Hilo la kuhitajiwa linaniweka hai, na huko kwenu sitalipata, hata mkijitahidi vipi.

Lakini yapo ninayoyahitaji kwako. Unaponipigia, mtaje baba yako. Naona unavyomkwepa ili usinilize, na mimi nabaki na hamu ya kulisikia jina lake kinywani mwako. Nisimulie hata lile la siku alipokufundisha baiskeli, ninalijua lakini nalitaka tena. Niulize pia dawa zangu zimebaki ngapi, siyo kama nimezimeza. Na mwezi wa kifo chake ukikaribia, usingoje niseme. Panga uje, au nipigie asubuhi mapema.

Chini ya barua hii nimekuandikia nambari ya yule shoga yangu ninayetembea naye. Ana ufunguo wa nyumba yangu, na wake ninao mimi. Ukipiga nisipokee, ukarudia nisipokee, mpigie yeye kwanza kabla hujaanza kuhangaika kutafuta usafiri. Yeye atakuwa ameshafika mlangoni wakati wewe bado unavaa viatu. Nimeshamwambia kwamba utampigia, kwa hiyo jitambulishe leo leo, msizoeane siku ya dharura.

Mama yako akupendaye