Mshono wa nyonga: niliuliza habari za pini, nikasahau kuuliza habari za majimaji

Kabla sijabadilishiwa nyonga ya kushoto nilikuwa na swali moja tu kwa daktari wa mifupa: utanifunga kwa uzi au kwa pini? Nilishaona picha ya paja lenye safu ya pini za chuma, nikaingiwa na hofu. Akacheka. Akasema ninachokiulizia mimi ni ngozi tu, na ngozi hufungwa mwisho.

Jeraha la nyonga hufungwa tabaka kwa tabaka: utando mgumu ulioshika misuli, kisha mafuta yaliyo chini ya ngozi, ndipo ngozi yenyewe. Ngozi inaweza kufungwa kwa pini, kwa uzi wa kutolewa baadaye, kwa uzi unaoyeyuka uliopitishwa chini kwa chini, au kwa gundi maalumu. Pini ni za haraka, na kwa kawaida hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Mwaka 2010 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba pini ziliambatana na maambukizi mengi kuliko uzi, hasa kwenye nyonga, ila tafiti zilizochambuliwa zilikuwa chache na si imara. Ndiyo maana hadi leo utakuta madaktari wazuri wa pande zote mbili. Mimi nilipata uzi wa kuyeyuka na gundi juu yake. Mshono mzuri kweli, nikawa nauonyesha kila anayekuja kunijulia hali.

Siku ya nne nikaamka shuka imelowa. Ncha ya chini ya mshono, sehemu isiyozidi punje ya dengu, ilikuwa inatoa majimaji ya rangi ya chai ya rangi iliyochujuka. Hakuna harufu, hakuna homa. Nikabandika plasta, jioni nayo ikalowa chepechepe. Mhudumu mmoja wa afya wa jirani akaniandikia antibayotiki bila hata kufunua bandeji. Sikuzimeza, na sifa hiyo ni ya mke wangu, si yangu: alimpigia simu aliyenipasua.

Daktari aliniita asubuhi yake. Kulowa kidogo siku za mwanzo si ajabu, alisema, lakini jeraha linalotoa majimaji baada ya saa 72 si la kukaa nalo nyumbani, kwa sababu majimaji yanapotokea ndipo bakteria wanapoingilia. Wakifika kwenye kiungo bandia hujijengea utando juu yake, dawa haiwafikii vizuri, na mara nyingi mtu hurudishwa mezani kufunguliwa. Antibayotiki za kubahatisha nazo huweza kuwaficha wasionekane maabara.

Mimi ilikuwa damu iliyokusanyika chini ya ngozi, na dawa ya kuzuia damu kuganda ilichangia. Akairekebisha yeye mwenyewe (usiiache kwa uamuzi wako, damu ikiganda mguuni ni hatari nyingine kubwa), akanipunguzia mazoezi, akaniwekea bandeji yenye kipampu cha kunyonya. Siku ya nane pakakauka.

Kwa hiyo, ukitoka hospitali, toka na namba ya simu ya timu iliyokupasua. Piga picha mshono kila bandeji inapobadilishwa, na wekundu ukianza kutambaa uzungushie mstari wa kalamu uone kama unavuka. Usipake chochote, usilowekwe majini mpaka uruhusiwe. Sukari na sigara huchelewesha kupona, kwa hiyo usimfiche daktari. Usaha, harufu, mshono kuachia, homa, au maumivu yaliyokuwa yamepungua kisha yakarudi kwa nguvu: piga simu siku hiyo hiyo.

Ngozi ya kando ya kovu langu bado ina ganzi kidogo. Nasikia nilielezwa hilo mapema, ila siku hiyo akili yangu yote ilikuwa kwenye pini.