Neno Moja la Kifaransa

Juzi jioni pale uwanja wa kikapu wa Donbosco Upanga dogo mmoja kanijia mbio, simu mkononi. "Kaka, nimesaini!" Nikaomba kuona. Picha ya ukurasa mmoja tu wa mkataba, ule wa mwisho wenye sahihi. Na kurasa nyingine? "Wakala anazo." Nikakaa chini palepale kwenye saruji. Miaka kumi na moja nimezunguka na begi, klabu tisa, leo kosa langu linarithiwa kama jezi.

Haya, sogeeni.

1. Raba mbili, na moja isikae kwenye buti la basi. Mwenye mguu namba 49 asitegemee duka la ugenini.

2. Wekeni skrini, yaani mzibieni njia anayemkaba mwenzenu, kisha rudini kulinda. Mchezaji wa kigeni wa pointi akikauka mechi mbili anatafutiwa tiketi; wa ribaundi, anayedaka mipira iliyokosa kikapu, anamaliza msimu. Nikiwatajia Hasheem Thabeet, Mtanzania wetu aliyefika NBA, mnaona urefu tu. Chaguo la pili NBA ilipogawa wachezaji wapya 2009, akaenda Memphis Grizzlies, na msimu huohuo wa kwanza akashushwa D-League, ligi ndogo ya NBA. Baadaye kacheza hadi Japani na Taiwan. Kama yeye alifunga begi, wewe wa Upanga unaringa nini?

3. Karatasi. Hapa nivumilieni.

Mwaka wangu wa tatu nje, klabu moja ya ng'ambo ya ziwa ilinipa mkataba wa Kifaransa. Kifaransa changu kilikuwa bonjour na merci. Mwenyekiti akaagiza sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, tukala, tukacheka, nikasaini juu ya meza hiyohiyo. Ukurasa wa pili ulibaki na alama ya kidole changu chenye mafuta. Na ni ukurasa huo nilioona neno ninalolijua: prolongation. Kila mechi ikiisha sare, mtangazaji wa uwanja wao alilitamka. Nikajua ni zile dakika tano za nyongeza. Nikadhani, wallahi tena, ni bonasi ya kucheza dakika za nyongeza! Nikafurahi, nikamshukuru mzee.

Kumbe mkataba ulikuwa unajiongeza msimu mzima nisipowaandikia kabla ya tarehe 31 Mei. Mei nilikuwa nyumbani nalala hadi saa nne. Julai nikasaini kwingine, pesa karibu mara mbili. Nikampigia mama: anza kuulizia bati. Fundi akaja, akapima, paa la zamani likashushwa.

Klabu mpya ikaomba klirensi, ile barua ya kuniruhusu kuhama. Shirikisho la kule likajibu kwamba mchezaji huyu bado ana mkataba. Wiki saba nikakaa nyuma ya benchi na jinzi. Mshahara ulikuwa uanze siku ya mechi ya kwanza, na mechi ya kwanza haikuja. Kocha, kwa huruma, akanipa kamera nirekodi mechi. Wiki ya nane akashuka mmarekani mmoja na begi dogo, akapewa chumba changu na namba yangu ya jezi. Nilimrekodi akipiga pointi 27. Picha zilitulia, kazi niliifanya vizuri.

Nyumbani vuli ikaingia. Mama akalala chini ya turubai na hakunilaumu hata mara moja. Angenilaumu ningepumua.

Kwa hiyo: mkataba wote mkononi, kwa lugha unayoisoma, na kipengele cha BAT kiwemo. BAT ni ule usuluhishi ulioanzishwa na FIBA, shirikisho la kikapu duniani, 2007, makao yake Geneva. Bila kipengele hicho utadai mshahara wako kwa wajomba wa mwenyekiti.

4. Goti lipigwe picha kabla ya kusaini, nakala ubaki nayo. Mimi langu la kushoto… hiyo siku nyingine.

Yule dogo kaniletea kurasa zote jana usiku. Kumi na moja. Tumezisoma chini ya taa ya duka, yeye anashika simu, mimi nafuata mistari kwa kidole. Lile neno liko ukurasa wa saba. Tumempigia wakala mara nne, hapokei.