Upanga wa kurithi nchini Uingereza: unaokatazwa na unaoachwa

Ndugu uliyeuliza kama upanga wa marehemu babu yako unaweza kutoka Unguja ukakaa sebuleni kwako hapa Uingereza bila kukutia matatani, nakujibu kama mtu aliyerithi upanga mmoja, kitara kimoja (upanga uliopinda) na jambia, na ambaye ilimlazimu kuisoma sheria yenyewe kwa kuwa maneno ya mitaani yametiwa chumvi nyingi. Ninayoyaeleza yanahusu England na Wales. Scotland ina taratibu zake.

Kwanza tazama umbo. Marufuku iliyoanza Aprili 2008 inagusa upanga wenye bapa lililopinda la sentimita 50 au zaidi, urefu ukipimwa kwa mstari ulionyooka kuanzia unapoishia mpini hadi nchani. Walengwa walikuwa wauzaji wa panga za bei nafuu zilizoiga zile za Kijapani, lakini tangu Julai 2021 hata kuuhifadhi nyumbani upanga wa namna hiyo ni kosa. Upanga wa Kiomani ulionyooka, wenye makali kuwili, haumo katika katazo hilo, ilhali kitara kimo, ingawa vyote viwili hukata vilevile. Kipimo hiki mimi nakiona cha ajabu, lakini ndicho kilichoandikwa.

Hata hivyo kitara si lazima kikutoke. Silaha iliyopita miaka 100 imeachwa nje ya katazo, na tangu Agosti 2008 ipo kinga nyingine kwa upanga uliopinda ambao ulitengenezwa kabla ya 1954, au wakati wowote ule kwa mkono kwa kufuata njia za jadi. Kitara changu hakina tarehe wala alama ya mhunzi, kwa hiyo nilikipeleka kwa mthamini wa vitu vya kale, akaniandikia barua inayoeleza jinsi kilivyofuliwa na umri anaoukadiria. Barua hiyo naihifadhi pamoja na picha ya babu akiwa amekishika. Ukitegemea kinga hii ya pili, hutakiwi kuthibitisha kupita shaka yoyote: unatoa ushahidi unaotosha kuibua hoja, kisha ni kazi ya upande wa mashtaka kuibomoa. Lakini kama mzee aliacha pia bakora yenye upanga ndani, jihadhari, kwani hiyo imekatazwa tangu 1988 na kinachoweza kuiokoa ni umri wa miaka 100, si ustadi wa mhunzi.

Kumiliki ni jambo moja, kutoka nacho barabarani ni jingine, na hapa hata upanga ulionyooka hauna msamaha. Adhabu hufika kifungo cha miaka 4, na ubutu si utetezi, maana katika shauri la mwaka 2005 hata kisu butu cha siagi kilihesabiwa kuwa chombo chenye bapa. Utetezi uliopo ni sababu ya msingi, kazi, dini, au vazi la kitaifa. Kwenye harusi zetu bwana harusi huvaa joho na jambia, nami huona hilo linaingia katika vazi la kitaifa. Hata hivyo jambia letu husafiri ndani ya sanduku lililofungwa, kwenye buti la gari, na huvaliwa ukumbini.

Tuwekee hapa picha ya upanga huo na vipimo vya bapa, tuone umeangukia wapi.