Lenzi moja ya kutembea nayo Bagamoyo

Mdogo wangu uliyenunua kamera juzi, ukienda kutafuta lenzi ya kuzunguka nayo kutwa nzima usianze kuuliza inavuta mpaka wapi. Uliza inaanzia wapi.

Kamera nyingi tunazoanza nazo huku, Canon na Nikon za bei ya chini, zina sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea picha). Lenzi hupimwa kwa milimita: namba ikiwa ndogo unaona eneo pana, ikiwa kubwa unavuta cha mbali. Ukifunga milimita 18 kwenye Canon ya aina hiyo, unaona eneo sawa na la milimita 29 kwenye kamera ya sensa kubwa. Kwenye Nikon ni 27. Upana huo unatosha. Lakini kuna wanaoshawishiwa wanunue 24-105, yaani inayoanzia milimita 24 na kuvuta mpaka 105, kwa sababu ni "ya mapro". Ni lenzi nzuri, ila kwenye Canon yako ndogo 24 inageuka 38, na hapo Mji Mkongwe wa Bagamoyo unakushinda. Simama mbele ya mlango wa kuchonga ukitaka fremu yote mpaka juu: mgongo umeshagusa ukuta wa upande wa pili na juu bado pamekatika. Jahazi unaweza kulisogelea, lakini ukuta ulio nyuma yako hauhami. Ndani ya magofu ya msikiti wa Kaole ni hivyohivyo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni 18-135 ya Canon, ile yenye IS (kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono) na STM (aina ya mota ya fokasi), au 18-140 ya Nikon yenye VR, ambayo ni IS kwa jina la Nikon. Zote hazifiki nusu kilo, na mwisho wake unatosha kabisa kwa jahazi linaloingia au uso wa mvuvi anayeshona nyavu (umwombe ruhusa kwanza, tafadhali). Zile za 18-300 na 18-400 ni nzito, ghali zaidi, na ukizivuta mpaka mwisho picha inapoteza ukali. Kama unapeleka wageni hifadhi ya Saadani kuona wanyama, hilo ni jambo jingine: tafuta 55-250 au 70-300 ya peke yake.

Mwenye Nikon za D3000 au D5000 na ndugu zake asikilize hapa: kamera hizo hazina mota ya fokasi ndani. Lenzi iwe imeandikwa AF-S, yaani yenye mota yake yenyewe. Ile ya AF tupu itaingia vizuri tu, lakini fokasi utazungusha kwa mkono.

Lenzi hizi udhaifu wake ni mwanga. Ukivuta mpaka mwisho, tundu la kupitisha mwanga linatoka f/3.5 hadi f/5.6 (namba ya f ikikua, tundu linapungua), na mwanga unaobaki haufiki nusu. Pale soko la samaki jua likishazama, IS itatuliza mkono wako, haitamtuliza mama anayegeuza samaki kwenye karai la mafuta. Pandisha ISO (wepesi wa kamera kuitikia mwanga) bila woga, au baadaye ongeza lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, ambayo ni ya bei rahisi na inapokea mwanga karibu mara kumi ya huo wa f/5.6.

Sasa kununua. Wengi tutanunua iliyotumika, na ukanda wetu wa pwani una adui anayeitwa kuvu. Toa vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu, mulika upande mmoja ukichungulia upande wa pili kwa mshazari. Vumbi kidogo lisikutishe. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui, rudisha lenzi hata ukipunguziwa bei, kwa sababu kuisafisha ndani ni kazi ya fundi na mara nyingi kioo kinabaki na makovu. Kisha zungusha zumu pole pole. Ikikwaruza au ikikwama katikati, huenda mchanga umeshaingia. Piga picha ya ukuta wenye maandishi kwenye 18 na kwenye mwisho, kuza picha, linganisha pembe zote nne. Upande mmoja ukiwa na ukungu kuliko mwingine, huenda lenzi ilishaanguka. Muuzaji asiyekupa nafasi ya kufanya haya mwache na mali yake.

Ukishaipata, nunua filta ya UV (kioo cha kukinga mbele ya lenzi) ya milimita 67, inaingia kwenye lenzi zote mbili nilizotaja. Upepo wa bahari hapa unabeba chumvi, na ni heri ikae kwenye filta kuliko kwenye kioo. Jioni puliza mchanga kwanza kwa pampu ya mkono ndipo ufute kwa kitambaa laini, halafu hifadhi kwenye kontena la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usiifungie wiki nzima ndani ya begi lililoloa jasho.