Ho Hey: mapigo 80 au 160?

Ndugu, unataka kuimba Ho Hey kwenye harusi ya dada yako, na programu yako ya kupima kasi ya wimbo inasema mapigo 160. Haijakosea sana, imehesabu mara mbili tu. Ho Hey ya The Lumineers, wimbo wa 2012, huenda kwa mapigo kama 80 kwa dakika, nne kwa nne, yaani mapigo manne kila kipimo. Usikilize huku ukitembea chumbani: kwa 80 unatembea kawaida, kwa 160 utajikuta unakimbia.

Ufunguo, yaani sauti ya nyumbani ya wimbo, ni C meja. Kodi zake (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ni za kila siku: C, F, A maina na G. Beti hukaa sana kwenye C, F inachungulia tu na kuondoka. A maina na G zinashika kazi kwenye kiitikio.

Lakini kwa harusi ya dada yako, kodi si tatizo. Utamu uko kwenye zile sauti za "ho" na "hey" zinazopigwa kati ya mistari, pamoja na makofi na miguu. Ukiimba peke yako na gitaa kavu, utapwaya. Tafuta binamu wawili wenye vifua, wasimame nyuma yako, wapaze sauti bila aibu. Kama C iko chini kwako, bana shingo ya gitaa kwa kapo, kile kibano cha nyuzi, kwenye kituo cha pili (nafasi ya pili kutoka kichwani). Vidole vilevile, sauti inakuwa D.