Kuwasha, kuchochea, kukoleza: kwa nyie mnaoanza kutafsiri na kuhariri habari

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii, leo naongelea maneno ya moto tu, maana kila wiki nayakuta kwenye kazi zenu na mengi yamekaa pasipo pake.

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa taarifa ya Kiingereza ya mkutano fulani, mgeni rasmi kaongea na vijana wakatoka pale na ari ya kufanya kazi, mimi nikaandika "mgeni rasmi aliwachochea vijana" nikaona nimeandika Kiswahili kitamu kweli. Asubuhi simu ikapigwa, mteja anauliza kwani mgeni wake kaandamanisha watu? Iliniuma sana, na tangu siku hiyo neno hilo siliandiki bila kusimama kwanza.

Sasa kuchochea ni nini hasa. Wengi wenu mmekulia kwenye gesi na mkaa, hamjawahi kuchochea kitu. Ukienda kijijini kwa bibi, mafiga matatu, kuni zimekutanisha vichwa katikati, zikiliwa moto unapungua, bibi anakwambia "mjukuu wangu hebu chochea moto huo", unazisukuma ndani, cheche zinaruka, sufuria inaanza kuchemka tena. Yaani kuchochea sio kuanzisha! Moto upo tayari, wewe unasogeza kuni. Kwa hiyo ukiandika fulani kachochea ugomvi umesema ugomvi ulikuwepo yeye kauongezea kuni, aliyeanzisha kutoka sifuri huyo ndo kauwasha, na hao ni watu wawili tofauti.

Halafu angalia kinachofuata baada ya hilo neno. Kuchochea uchumi, kuchochea maendeleo, hizo ziko sawa, hotuba za bajeti zimejaa. Hata Paulo kwenye Biblia ya Kiswahili anamwambia Timotheo aichochee karama iliyo ndani yake, na mimi napenda sana walivyotafsiri pale, karama ipo tayari, inataka kuni tu. Lakini ukiweka watu, kuchochea wananchi, kuchochea wanafunzi, hapo umeshamshtaki mtu. Na nomino zake ndo usiseme: kichocheo ni cha darasa la kemia, homoni nazo tunaziita vichocheo, hakuna anayekasirika, ila mchochezi na uchochezi ni maneno ya polisi na mahakama, hapa Tanzania Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 imeweka makosa ya uchochezi kabisa. Kama hukusudii hayo andika aliwahamasisha, aliwatia moyo, aliwaamsha ari.

Kukoleza ni lingine. Mkaa ukishashika wote ndo umekolea, chai imekolea tangawizi, rangi imekolea, mapenzi yamekolea. Ni neno la kitu kufika pale kinapotakiwa, lina utamu ndani yake, ndo maana nikisoma "walikoleza mauaji" nasikia vibaya, kama vile mwandishi anafurahia.

Kufukuta nako mnakutumia ovyo. Walioona matofali yanachomwa kwa pumba za mpunga wanajua, juu unaona majivu, ukikanyaga unaungua. Hasira inayofukuta ni ile isiyoonekana bado, kwa hiyo usiniandikie "hasira zilifukuta wakafunga barabara kwa mawe", hiyo imeshalipuka.

Na la mwisho ndo naliona zito kuliko yote, kuwaka na kuwasha, sauti moja tu imebadilika, k imekuwa sh, lakini kuwaka hakuna mwenyewe, kuwasha kuna mtu ameshika kiberiti. "Hasira za wakulima zawaka baada ya hotuba" umesema kimoja kimefuata kingine basi. "Hotuba yawasha hasira za wakulima" umemtaja aliyeshika kiberiti, uwe na ushahidi. Juzi binti mmoja anayejifunza kwetu kaleta kichwa hicho cha pili, nikamuuliza hao wakulima walikuwa wametulia kabla ya hotuba? Hakujua, nikamwambia piga simu. Akapiga kwa wawili, wote wakamwambia wana hasira tangu mbolea ilipochelewa, msimu wa kupanda unapita, na mheshimiwa alipokuja akasema mbolea ipo ya kutosha ndo wakashindwa kuvumilia. Basi hakuna aliyewasha pale siku ile, moto ulikuwepo miezi. Tukafuta "yawasha" tukaweka "yachochea", na mbolea akaipandisha juu kwenye sentensi ya kwanza.